Mtaji ulio chini ya mizabibu

Mzabibu huzaa mahali pamoja kwa miaka 30 na zaidi. Mwenye shamba hana nafasi ya kubadilisha zao kila msimu, kwa hiyo namna anavyoutunza udongo kati ya mistari ni uamuzi wa mtaji. Sehemu ya mtaji huo ni viumbe wadogo wa udongoni. Jongoo hukatakata majani makavu; utitiri na kolembola, viumbe wadogo sana warukao, hula kuvu na mabaki, na rutuba hurudi kwenye mizizi; tandu, buibui na mbawakawa huwinda wadudu waharibifu. Wakitoweka, kazi yao hununuliwa dukani kwa mbolea na viuatilifu.

Katika nchi za mvinyo za Ulaya, magugu hudhibitiwa kwa njia kuu tatu. Kulima kwa trekta huondoa magugu, lakini huvunja makazi ya viumbe hao na kukausha tabaka la juu. Dawa ya magugu huokoa gharama ya vibarua, ila huacha ardhi tupu, bila kivuli wala chakula. Kuacha nyasi huwalisha viumbe na kuzuia mmomonyoko kwenye miteremko, lakini nyasi hizo hunywa maji ya mzabibu. Ndiyo maana wakulima wengi wa maeneo makavu huacha nyasi katika mstari mmoja na kulima unaofuata.

Sheria nazo zinabadilisha hesabu. Mwaka 2020, mamlaka ya Ufaransa, ANSES, ilizuia dawa ya magugu ya glaifoseti kati ya mistari ya mizabibu inayoweza kupaliliwa kwa mashine, na kwa matumizi yaliyobaki ikaweka kikomo cha gramu 450 kwa hekta kwa mwaka. Anayeacha dawa hulipia mafuta ya trekta na vibarua.

Kilimo hai nacho hakijaepuka kuudhuru udongo. Tangu miaka ya 1880, mrututu uliochanganywa na chokaa umekuwa kinga dhidi ya ukungu, na wakulima wa kilimo hai bado wanautegemea. Shaba iliyomo haiozi. Hulimbikizana udongoni na kuwadhuru viumbe. Umoja wa Ulaya umeiwekea ukomo wa kilo 28 kwa hekta katika miaka saba.

Hali ya udongo inaweza kupimwa kwa bei nafuu. Kipimo cha QBS-ar, kilichobuniwa Italia, hutoa alama 1 hadi 20 kwa kila kundi la viumbe. Wasio na macho wala rangi, waliozoea kuishi chini kabisa, hupata alama za juu, kwa sababu hao ndio wa kwanza kuondoka ardhi inapovurugwa.

Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka katika eneo la ukame, haifai kuiga nyasi za Ulaya bila kupima. Matandazo ya mabua makavu na samadi iliyoiva hutoa kivuli na chakula bila kugombea maji, ingawa lazima kuwaangalia mchwa kwenye nguzo za mbao.

Tatizo ni kwamba gharama huja leo, faida huja baada ya miaka, na mkulima anahitaji fedha msimu huu. Kiwanda kinachotegemea zabibu za shamba hilohilo kwa miongo kadhaa kina kila sababu ya kuchangia matandazo na vipimo kupitia mkataba wa ununuzi. Bei inayolipia kilo za zabibu peke yake humsukuma mkulima kuuchosha udongo ambao kiwanda chenyewe kitauhitaji kesho.