Gh ya Kiingereza: Tazama Imekaa Wapi

Msomaji wa Kiswahili hababaiki akikutana na gh. Ghali, ghafla, ghorofa, lugha: herufi hizo mbili zina sauti yake, na husikika kila zinapoandikwa. Akihamia Kiingereza ndipo anapochezewa. Katika “night”, usiku, gh haisikiki hata kidogo. Katika “laugh”, kucheka, inageuka f. Katika “ghost”, mzimu, ni g tupu. Wengi hukata shauri kwamba Kiingereza hakina kanuni, wakaanza kukariri neno mojamoja hadi wachoke. Kanuni zipo. Swali la kujiuliza ni gh imekaa wapi: mwanzoni mwa neno, kabla ya t, au mwishoni?

Tuanze na iliyo kabla ya t, kwa kuwa ndilo kundi kubwa na ndiko mambo yalikoanzia. Kabla ya uvamizi wa Wanormandi wa mwaka 1066, Waingereza waliandika “niht” kwa usiku, “leoht” kwa mwanga na “dohtor” kwa binti. H ile haikuwa bubu. Ilitamkwa kwa kukwaruza kooni, karibu na kh ya mtu aliyepita madrasa anaposema kheri. Wajerumani wanayo mpaka leo: usiku kwao ni “Nacht”, binti ni “Tochter”. Baada ya uvamizi, uandishi uliingia mikononi mwa makarani waliolelewa katika mila za Kifaransa, na taratibu ikawa desturi kuiandika sauti hiyo kwa gh. Baadaye wasemaji wa kusini mwa Uingereza, London ikiwemo, wakaacha kuitamka. Tahajia ikabaki vitabuni bila sauti yake.

Kwa hiyo -ight husomwa “ait”, na ukishalijua hilo umepata maneno mengi kwa mpigo: “light” mwanga, “right” sahihi au kulia, “fight” kupigana, “bright” enye kung’aa, “tight” enye kubana, “flight” safari ya ndege, “knight” askari farasi wa zamani. Ila e ikitangulia, tahadhari: “eight”, nane, na “weight”, uzito, husomwa “eit”, ilhali “height”, kimo, imebaki na “ait”.

-aught na -ought nazo hukaribiana mno, zote zikiwa na o ndefu inayofuatwa na t. “Daughter” ni binti, “taught” alifundisha, “caught” alikamata, “thought” aliwaza. Hapa wanafunzi huchanganya “bought” na “brought”, na kosa hilo nimeliona hata kwenye barua za maofisini. Dawa yake ni r: “bring”, kuleta, ina r, basi “brought” ni alileta, “buy”, kununua, haina, basi “bought” ni alinunua. Wakaidi ni wachache. “Drought”, ukame, husomwa “draut”. “Laughter”, kicheko, na “draught”, upepo unaopenya ndani ya nyumba, zina f.

Kuna na mdandiaji mmoja. “Delight”, furaha kubwa, lilitoka Kifaransa bila gh yoyote. Katika karne ya 16 waandishi waliliona linafanana na “light” wakalibandika herufi ambazo halikupata kuzitamka.

Gh ya mwanzoni haina taabu: ni g, siku zote. “Ghost” lenyewe liliandikwa “gast” zamani. H yake huhusishwa na William Caxton, aliyefungua matbaa ya kwanza ya Uingereza huko Westminster mwaka 1476 baada ya kuishi miaka mingi Bruges, ambako watu waliandika “gheest”. Mengi ya maneno mengine ya namna hii ni wageni: “ghee” ni samli, kutoka India, “gherkin” ni tango dogo la achari, kutoka Uholanzi, “ghoul” ni zimwi linalokula maiti, kutoka Kiarabu.

Taabu yenyewe iko mwishoni, kwenye -ough, na hapo sitamdanganya msomaji: ni kukariri tu. Sauti ya kooni ilipokuwa inakufa, katika baadhi ya maneno ilihamia midomoni ikawa f, na katika mengine ikapotea. Zenye f ni “cough”, kukohoa, na “trough”, hori la kulishia mifugo, zinazosomwa kwa o. Kisha “rough”, enye kukwaruza, “tough”, gumu, na “enough”, ya kutosha, ambazo husomwa kwa a: “raf”, “taf”, “inaf”. Zilizo bubu ni “though”, ingawa. “Dough”, unga uliokandwa. “Through”, kupitia, inayosomwa “thruu”. Na “bough”, tawi kubwa la mti, inayosomwa “bau”. “Plough”, kulima kwa plau, hufuata “bough”. Wamarekani huandika “plow” na kumaliza ubishi.

Limebaki “hiccough”, kwikwi. Lilianza kuandikwa hivyo kwa sababu watu walidhani lina uhusiano na “cough”, nalo halina. Husomwa “hikap”, kwa p. Kamusi zinakubali pia “hiccup”, nawe andika hivyo.