Maudhi ya Tibakemikali Yana Kalenda Yake

Mgonjwa wa saratani ya matiti akiwekewa dripu ya kwanza ya tibakemikali leo, mengi yatakayompata tunaweza kumweleza kabla hajatoka wodini. Kichefuchefu kitamjia usiku huu au katika siku nne zinazofuata. Wiki ya pili kinga yake ya mwili itashuka hadi chini kabisa. Ikifika wiki ya tatu, nywele zitaanza kubaki kwenye kitana na kwenye mto. Asiyeelezwa haya huyapokea kama dalili za kifo, na wapo wanaoacha tiba kwa sababu hiyo. Aliyeelezwa hujiandaa.

Dawa hizi huua seli zinazogawanyika kwa haraka. Seli za saratani hugawanyika hivyo, lakini vilevile hugawanyika seli za mashina ya nywele, za utando wa kinywa na utumbo, na za uboho, yaani sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu. Tofauti ni kwamba seli zenye afya hujijenga upya upesi kuliko zile za saratani. Ndiyo maana dripu nyingi hupangwa kila baada ya siku 21, ili mwili urudishe nguvu kabla ya duru nyingine. Katika mpango unaotumika sana, mgonjwa hupewa doksorubisini pamoja na siklofosfamidi kwa duru nne, kisha hufuata paklitakseli au dosetakseli. Doksorubisini ina rangi nyekundu, na mkojo huweza kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Hiyo ni rangi ya dawa, si damu.

Wengi huuliza kwa nini wapitie haya ilhali uvimbe umeshakatwa. Saratani ikigunduliwa mapema, tunachowinda baada ya upasuaji ni seli chache ambazo huenda zilishatoka kwenye titi, na ambazo hakuna picha ya hospitali inayoweza kuzionyesha. Mwaka 1976 Gianni Bonadonna na wenzake wa Milano, Italia, walionyesha kwamba ugonjwa uliwarudia wanawake wachache zaidi miongoni mwa waliopewa dawa baada ya upasuaji. Mwaka 1981 walichambua tena matokeo yao na kukuta kuwa waliofaidika zaidi ni wale waliopata asilimia 85 au zaidi ya dozi iliyopangwa. Kwa hiyo kutibu maudhi ni sehemu ya kutibu saratani. Mgonjwa anayevumilia kimya hadi azidiwe huishia kuahirishiwa dripu au kupunguziwa dozi, na faida ya tiba ikapungua.

Tuanze na kichefuchefu. Siku hizi mgonjwa hupewa dawa za kukizuia kabla dripu haijafunguliwa, kama ondansetroni na deksamethasoni, na wengine huongezewa olanzapini ya kumeza usiku. Nyumbani, kosa linalotokea sana ni kuziweka dawa hizo kabatini mpaka mtu atapike. Zimezwe kwa ratiba, hata kama tumbo limetulia, kwa sababu kuzuia ni rahisi kuliko kutuliza kilichokwisha kuanza. Kula kidogo kidogo mara nyingi: uji mwepesi, ndizi, viazi, wali mkavu. Chakula kilichopoa hakitoi harufu kali kama kinachotoka jikoni, na kazi ya kukaanga vitunguu na samaki aifanye mtu mwingine kwa siku hizo. Ondansetroni hufunga choo, basi kunywa maji ya kutosha, kula papai na mboga, na omba dawa ya kulainisha choo mapema. Ukishindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima, rudi hospitali.

Sasa homa, na hapa naomba msomaji asome polepole. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, seli nyeupe za damu huwa chache mno. Bakteria ambao siku nyingine mwili ungewamaliza bila wewe kujua, wakati huu wanaweza kuingia kwenye damu na kuua ndani ya saa chache. Kwetu homa ikipanda, wazo la kwanza ni malaria: mtu anameza panadol, ananunua dawa ya mseto, analala akisubiri kuche. Panadol hushusha joto bila kugusa bakteria, na usiku ule mmoja unaweza kuwa ndio uliokuwa wa kumwokoa.

Nunua kipimajoto kabla ya dripu ya kwanza. Joto likifika nyuzi 38, au ukitetemeka kwa baridi hata kama kipimo hakijafika hapo, nenda hospitali saa ileile, iwe mchana au usiku wa manane. Malaria ipimwe, ndiyo, lakini ikionekana haifuti uwezekano wa maambukizi mengine. Unachohitaji ni kipimo cha picha kamili ya damu, na antibiotiki ya mshipa ndani ya saa moja tangu ufike.

Kwa mgonjwa wa Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Wengi huwekewa dripu katika hospitali za Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando Mwanza au KCMC Moshi, kisha husafiri kurudi nyumbani, pengine Kigoma au Lindi. Siku ya kumi humkuta mtu mbali na waliomtibu. Kabla hujapanda basi, ujue ni hospitali gani ya karibu na kwako inayoweza kukupima na kukutundikia antibiotiki. Omba karatasi yenye majina ya dawa ulizopewa na tarehe ya dripu. Ukifika pale, usianze na homa. Anza hivi: "Nipo kwenye dawa za saratani, na hii ndiyo tarehe ya dripu yangu." Maneno hayo yatakutoa kwenye foleni.

Kinga ikiwa chini, nawa mikono kwa sabuni, kunywa maji na maziwa yaliyochemshwa, kula matunda ya kumenya, na kachumbari isubiri. Jamaa mwenye mafua akija kukujulia hali, si utovu wa adabu kumwomba apige simu badala ya kuingia.

Vidonda vya kinywa hupungua kwa mswaki laini na kusukutua mara nne kwa siku kwa maji yaliyochemshwa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa lita. Pilipili na ndimu zikae kando. Nywele, ukipenda, zinyolewe mapema ili zisianguke kwa mafungu. Huanza kuota tena miezi michache baada ya dripu za mwisho. Tusimwambie mwanamke kwamba hilo ni dogo. Upara hutangaza ugonjwa wake kwa mtaa mzima kabla yeye hajaamua kusema.

Paklitakseli huleta ganzi na mchomo kwenye vidole vya mikono na miguu. Mwenye ganzi huungua na sufuria bila kuhisi, hukanyaga msumari asijue. Vaa viatu vilivyofunika, na mweleze daktari mara tu vifungo vya nguo vinapoanza kukushinda, kwa kuwa dozi inaweza kurekebishwa kabla ganzi haijawa ya kudumu. Vilevile sema hapohapo dripu ikichoma mkononi, kwani doksorubisini ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Ukiishiwa pumzi au miguu ikivimba, moyo uchunguzwe.

Mwanamke ambaye bado anataka watoto alizungumze hilo kabla ya duru ya kwanza, maana dawa zinaweza kudhoofisha mayai yake. Hedhi ikikatika, mimba bado inawezekana, na mimba wakati wa tiba ni hatari kwa mtoto. Kinga inayofaa ni kondomu au kitanzi cha shaba, si vidonge wala sindano za homoni. Na kama unatumia mitishamba, itaje. Baadhi huelemea ini, na ini ndilo linalochakata dawa hizi.

Kwa nyumba yenye mgonjwa nashauri daftari moja: tarehe ya dripu, joto la kila jioni, alichokula, kilichomuuma. Tumezoea kuijibu salamu ya daktari kwa "nzuri, namshukuru Mungu", hata tukiwa hoi. Ijibu hivyo, ni adabu. Kisha fungua daftari umsomee, siku kwa siku, kabla hajaandika dawa za duru inayofuata.