Waridi la Jangwani: Lipandwe kwa Mbegu, Lisichimbwe Nyikani

Vichaka vya Voi, Maungu na Kasigau vinapokauka, mmea mmoja huchagua wakati huo kuchanua. Ni waridi la jangwani, ambalo wataalamu huliita Adenium obesum, na mara nyingi huchanua likiwa halina hata jani moja. Shina lake nene lililofura huhifadhi maji, hivyo linafaa sana kwa boma ambalo maji hununuliwa kwa mtungi.

Tatizo ni jinsi baadhi ya watu wanavyolipata: huingia nyikani na jembe. Mmea wenye shina la ukubwa wa ndoo umekua kwa miaka mingi, na ukiondolewa, mbegu zake huondoka nao. Kuung'oa ndani ya mbuga za Tsavo bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, ambayo hulinda mimea pia. Tena hasara huwa maradufu, kwani mizizi iliyokatwa ikimwagiwa maji siku hiyo hiyo huoza.

Njia ya mbegu haina gharama. Maganda huota mawili mawili, mfano wa pembe. Yafungwe kwa uzi kabla ya kupasuka, maana kila mbegu ina nyuzi laini ncha zote mbili na upepo huipeperusha mbali. Changanya mchanga wa mto na udongo kidogo, laza mbegu juu, kisha zifunike kidogo tu. Kukiwa na joto huchipua kwa wiki moja au mbili. Ndoo iliyopasuka inatosha, mradi iwe na matundu chini na ikae juani. Mwagilia udongo ukishakauka. Kati ya Juni na Agosti, majani yakipukutika kwa baridi, punguza zaidi. Wengi huliua kwa maji, si kwa kiangazi. Kipande cha tawi pia hushika, ila shina lake kwa kawaida halinenepi vile.

Utomvu wake ni sumu inayoathiri moyo. Wahadza wa Tanzania huupaka kwenye mishale ya kuwindia. Vaa glavu unapolipogoa, nawa mikono kwa sabuni, na liweke mahali ambapo watoto na mbuzi hawafiki. Mtoto akilitafuna, mpeleke hospitalini mara moja, pamoja na kipande cha mmea ili mhudumu aone ni kitu gani.