Wijeti, Ngeli na Saa: Kuunda Vijenzi vya Tovuti za PHP kwa Watumiaji wa Kiswahili nchini Uganda

Utangulizi

Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itumike katika mazingira yatakayoainishwa na Bunge kwa sheria. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kutekelezwa 2020, ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika miaka miwili ya mwanzo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi, kufuatia uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mijadala kuhusu utekelezaji wa maamuzi hayo imejikita zaidi katika walimu na vitabu, na kwa haki. Makala haya yanashughulikia mahali padogo zaidi: wijeti, yaani kile kisanduku cha pembeni mwa tovuti kinachomwonyesha msomaji matangazo mapya, ratiba au idadi ya nyaraka. Hoja yake ni kwamba makosa mengi ya Kiswahili katika visanduku hivyo hayasababishwi na mtafsiri dhaifu. Yamo katika umbo la msimbo wenyewe, nayo hutokea kabla mtafsiri hajaitwa.

Mtaa wa Ntinda, katika tarafa ya Nakawa jijini Kampala, unafaa kuwa mahali pa kulitazama jambo hili. Huko ndiko yaliko makao makuu ya Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda (UNEB), na huko huko, katika jengo la Ntinda Complex, The Innovation Village ilijijengea jina kama kituo cha kampuni changa za teknolojia. Taasisi inayotahini Kiswahili na vijana wanaoandika programu wametenganishwa na mwendo mfupi wa bodaboda.

Jinsi wijeti inavyoundwa na kuongezwa

Mfano wetu ni WordPress, mfumo wa kusimamia maudhui ulioandikwa kwa PHP. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2009, mwandishi wa programu huunda wijeti kwa kuandika klasi mpya inayorithi klasi iitwayo WP_Widget. Ndani yake huweka vitendakazi vinne. Cha kwanza, __construct, huipa wijeti jina na maelezo. Widget huandika kile anachokiona msomaji. Form humpa msimamizi wa tovuti fomu ya mipangilio. Na update husafisha na kuhifadhi alichokijaza. Kisha klasi husajiliwa kwa register_widget wakati mfumo unapofikia hatua ya widgets_init. Msimbo huu huwekwa katika programu-jalizi yake, wala si katika mandhari ya tovuti, ili wijeti isipotee siku mandhari yatakapobadilishwa. Baada ya hapo msimamizi huiona katika orodha ya wijeti na kuipanga anapotaka. Toleo la 5.8 la mwaka 2021 lilileta wijeti za vitalu, lakini klasi za namna ya zamani bado zinafanya kazi.

Moodle, mfumo ambao Chuo Kikuu cha Makerere kinautumia kwa mafunzo ya mtandaoni kupitia MUELE, nao umeandikwa kwa PHP. Kijenzi chake cha pembeni hurithi klasi ya block_base, na maneno yake hukaa katika faili za lugha zilizotengwa na msimbo. Majina ni tofauti lakini kanuni ni ile ile.

Kwa mwanaisimu, sehemu yenye uzito ni namna maneno yanavyopita. Katika WordPress kila tungo inayoonekana hufungwa ndani ya kitendakazi cha tafsiri: __() kwa tungo ya kawaida, _n() kwa tungo yenye umoja na wingi. Tungo hizo hukusanywa katika faili ambayo mtafsiri huijaza. Anachokiona mtafsiri ni tungo zilizokatwa na mwandishi wa programu, na mahali zilipokatwa hana uwezo wa kupabadilisha.

Ngeli ndani ya msimbo

Tuseme shule inataka wijeti inayotangaza kila kitu kipya kilichowekwa kwenye tovuti. Mwandishi anayefikiri kwa Kiingereza huandika tungo moja yenye nafasi tupu ya jina: kitu fulani, kipya, kimeongezwa. Kwa Kiingereza nafasi hiyo hupokea nomino yoyote bila neno jingine kubadilika. Kwa Kiswahili tunahitaji: kitabu kipya kimeongezwa, tangazo jipya limeongezwa, picha mpya imeongezwa, wimbo mpya umeongezwa, mwalimu mpya ameongezwa. Sentensi tano zenye viambishi tofauti haziwezi kuzaliwa na kiolezo kimoja. Mtafsiri aliyepewa kiolezo hicho atachagua umbo moja, mara nyingi la ngeli ya I-ZI, na tovuti itasema “tangazo mpya imeongezwa”. Msomaji atamlaumu mtafsiri au, vibaya zaidi, atasema Kiswahili cha Uganda ndivyo kilivyo.

Suluhisho halihitaji teknolojia mpya. Kila aina ya kitu ipewe sentensi yake kamili ndani ya msimbo, hata kama kwa Kiingereza zinaonekana kujirudia. Kwa idadi, _n() hupokea jozi kama “Una tangazo jipya %d” na “Una matangazo mapya %d”. Sifuri itengewe sentensi yake, “Hakuna tangazo jipya”, kwa kuwa kanuni ya wingi inayotumika kwa Kiswahili huihesabu sifuri kama wingi na kutoa “matangazo mapya 0”. Tarakimu zinatusaidia hapa kuliko tunavyotambua. Idadi ikiandikwa kwa maneno, moja hadi tano na nane hupatana na nomino (vitabu vinane, matangazo mawili), ilhali sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. 8 haidai lolote.

Inafaa kusisitiza kwamba mwandishi wa programu wa Ntinda hakosi hisia ya upatanisho. Akiwa mzungumzaji wa Kiganda, husema ekitabo ekinene na ebitabo ebinene bila kufikiri. Violezo vya Kiingereza alivyojifunzia kazi ndivyo vinavyomfanya aiache hisia hiyo nje ya mlango.

Saa

Tatizo la ngeli huudhi. La saa linaweza kumgharimu mtu mtihani. Mtihani unaoanza saa tatu asubuhi huhifadhiwa katika hifadhidata kama 09:00. Wijeti ya ratiba iliyotafsiriwa kwa kubandika neno huandika “Saa 9:00”, na mtahiniwa anayesoma Kiswahili ana kila haki ya kuelewa saa tisa alasiri. Zana za PHP za kuumbiza tarehe, ingawa zinatambua Kiswahili cha Uganda kwa msimbo wa sw_UG, hutafsiri majina ya siku na miezi lakini haziisogezi saa. Kazi hiyo ni ya mwandishi wa wijeti: aongeze 6, agawanye kwa 12, achukue baki, na baki likiwa sifuri aandike 12. Tisa huwa tatu, kumi na nne huwa nane. Kisha aongeze asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku. Hapa pia Kiganda kinakubaliana nasi, kwani ssaawa emu ey'oku makya ni saa moja asubuhi. Aidha, kanda ya saa iwekwe Africa/Kampala, kwa kuwa tovuti iliyoachwa katika saa za UTC itakuwa nyuma kwa saa 3.

Binafsi ningependelea wijeti ionyeshe saa zote mbili kwa kipindi cha mpito, “saa 3:00 asubuhi (09:00)”, kwa sababu wanafunzi wengi nchini hukutana na Kiswahili darasani kwanza na mazoea yao ya kusoma ratiba ni ya Kiingereza.

Linalowahusu watunga sera

Mikataba ya kutengeneza tovuti za umma huweza kuitaja lugha kama kitu cha kukabidhiwa mwishoni: toleo la Kiswahili liwepo. Sharti hilo hutimizwa hata na “tangazo mpya imeongezwa”. Ingefaa zaidi mkataba udai kwamba hakuna sentensi inayojengwa kwa kuunganisha vipande, kwamba mwanaisimu aone orodha ya tungo kabla msimbo haujakamilika, na kwamba tovuti ijaribiwe kwa Kiswahili kabla ya malipo ya mwisho. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, inaweza kutoa orodha ya pamoja ya sentensi za majaribio: moja kwa kila ngeli katika umoja na wingi, moja ya sifuri, na chache za saa, ikiwemo saa sita usiku, ambapo tarehe ya kompyuta hubadilika.