Kifungio cha gia otomatiki

Kifungio cha gia ni mfumo wa usalama katika magari ya gia otomatiki unaozuia mkono wa gia kutoka kwenye P (maegesho) mpaka dereva akanyage breki. Lengo lake ni kuzuia gari lisiondoke bila kutarajiwa, kwa mfano mtoto anapochezea gia. Mfumo ukiharibika, gari hukwama kwenye P hata kama injini inawaka vizuri.

Historia

Mfumo huu ulipata umaarufu nchini Marekani katika miaka ya 1980, baada ya madereva wa Audi 5000 kulalamika kwamba magari yao yaliondoka kwa kasi yenyewe walipotoa gia kwenye P. Mwaka 1987 Audi iliita magari hayo yarudishwe ili yafungwe kifungio cha gia. Ripoti ya serikali ya Marekani ya mwaka 1989 ilieleza kwamba chanzo kikuu kilikuwa madereva kukanyaga mafuta wakidhani ni breki.

Jinsi unavyofanya kazi

Swichi iliyo juu ya pedali ya breki huwasha taa za breki na pia hupeleka ishara kwenye kifungio. Swichi ya gari ikiwa imewashwa na breki imekanyagwa, umeme hufika kwenye solenoidi iliyo karibu na mkono wa gia. Solenoidi ni koili ya waya inayogeuka sumaku na kuvuta kipande cha chuma kinachozuia gia. Mara nyingi mlio mdogo wa "tik" husikika.

Kutambua hitilafu

Kabla ya kupima umeme, ni vizuri kuhakikisha kwamba gari halikuegeshwa mlimani bila breki ya mkono. Uzito wa gari ukibebwa na giaboksi, gia huwa ngumu kutoka ingawa kifungio ni kizima.

Hatua za kawaida ni hizi:

1. Taa za breki. Mtu mmoja hukanyaga breki na mwingine hutazama nyuma. Taa zote zisipowaka, fyuzi au swichi ya breki hushukiwa kwanza. Zikiwaka, swichi haijathibitika kuwa nzima, kwa sababu katika baadhi ya magari ina njia mbili za umeme.

2. Fyuzi. Iliyoungua hubadilishwa kwa nyingine ya ampea zilezile. Ikiungua tena, kuna shoti kwenye waya au kwenye kishikio cha balbu.

3. Mlio wa solenoidi. Ukisikika na gia isitoke, tatizo huenda ni la kimakanika, kama kipande kilichovunjika au uchafu wa soda iliyomwagika.

4. Volti. Mlio usiposikika, multimita huwekwa kwenye plagi ya solenoidi huku breki imekanyagwa. Zikisomeka takriban volti 12, umeme unafika. Plagi huchomolewa na koili hupimwa omu. Mita ikionyesha kwamba njia imekatika, solenoidi imekufa.

5. Waya. Volti zisiposomeka, waya chanya hupimwa dhidi ya bodi ya gari. Umeme ukiwepo hapo, upande wa hasi umekatika au kompyuta ya kifungio haiufungi. Usipokuwepo, hufuatwa nyuma kuelekea kwenye swichi kwa kutumia mchoro wa umeme wa gari husika.

Hitilafu ya kinyume pia hutokea. Kipande cha mpira au plastiki kinachobonyeza swichi kwenye pedali kikimeguka, taa za breki huwaka muda wote, betri huisha, na gia hutoka bila breki kukanyagwa.

Kufungua kwa dharura

Magari mengi yana kitufe kando ya mkono wa gia, nacho katika magari mengi ya Kijapani yaliyozoeleka Afrika Mashariki huandikwa "SHIFT LOCK". Wakati mwingine hufunikwa na kifuniko kidogo. Breki ya mkono huvutwa na pedali ya breki hukanyagwa kabla ya kukibonyeza.

Kitufe hicho si tiba. Ikiwa chanzo ni swichi ya breki, gari linaweza kuwa linatembea bila taa za breki, na dereva wa nyuma hataona linaposimama. Kwa hiyo taa hizo hukaguliwa kabla ya gari kuingia barabarani.