Kodi ya Miezi Sita: Makazi na Umaskini Makorora

Yoshua bin Sira, anapoyataja mahitaji ya kwanza ya maisha, anataja maji, mkate, mavazi, na nyumba ya kumsitiri mtu. Sisi wa pwani tunaelewa uzito wa neno hilo, kusitiri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, katika Gaudium et Spes (1965), uliyaweka makazi sawia na chakula na mavazi kati ya yale yanayompasa kila binadamu ili aishi kadiri ya utu na heshima yake. Na tarehe 27 Desemba 1987 Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa hati nzima juu ya ndugu asiye na makao.

Tuyatazame basi mafundisho hayo tukiwa Makorora, hapa jijini Tanga. Nyumba nyingi za kata hii ni zile tuzijuazo kwa jina la nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani choo na jiko la wote. Chumba kimoja ni familia moja. Mara nyingi mwenye nyumba hukaa humo humo, naye si tajiri. Pengine ni mama mjane ambaye kodi ya vyumba vinne ndiyo pensheni yake. Makazi nafuu ya mji huu hayakujengwa na Serikali wala na shirika lolote. Yamejengwa na watu wenyewe, chumba baada ya chumba, na maskini humpangisha maskini mwenzake.

Ugumu ulio mkubwa kuliko kiasi cha kodi ni namna inavyodaiwa: miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na juu yake ada ya dalali. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Chumba cha shilingi 30,000 kwa mwezi kinahitaji 180,000 siku ya kuhamia. Mchuuzi wa samaki au kibarua apataye riziki yake kwa siku anaweza kumudu 1,000 kila siku, lakini hana mahali salama pa kuzikusanya siku mia na themanini. Ugonjwa au ada ya shule huzila kabla hazijatimia. Ndipo hukopa kwa riba, na riba hiyo huifanya nyumba ya maskini kuwa ghali kuliko ya mwenye mshahara. Asiyeweza kukopa huhama, na mtoto huhama shule pamoja naye. Hivyo umaskini humkosesha mtu nyumba, na kukosa nyumba humrudisha katika umaskini.

Tanga ina kumbukumbu ya mpango mwingine, nao ulikuwa na dosari yake. Katika mashamba ya mkonge manamba walipewa makazi kambini, na reli na viwanda navyo vilikuwa na nyumba za wafanyakazi. Paa lilikuja pamoja na kazi. Basi bei ya mkonge ilipoanguka mbele ya nyuzi za viwandani, aliyepoteza kibarua alipoteza na pa kulala.

Serikali nayo ilijaribu. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, likabomoa vibanda na kujenga nyumba za gharama nafuu, lakini fedha hazikutosha kufuata kasi ya miji. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaunganishwa na Shirika. Kodi ilikuwa ndogo, lakini wengi wa waliofaidika walikuwa watumishi na watu wenye kipato cha uhakika, si wale wa mwisho kabisa; na kodi hiyo haikutosha hata kupaka rangi. Katika miaka ya 1970 mkopo wa Benki ya Dunia uligharimia mpango wa viwanja na huduma, kwanza Dar es Salaam, Mbeya na Mwanza: mwananchi apimiwe kiwanja, apate maji na barabara, ajijengee. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo njia iliyokaribia zaidi uwezo wa mtu wa kawaida, na tunasikitika kwamba haikuendelezwa.

Mfano wa karibuni ni Magomeni Kota, Dar es Salaam, ambako kaya 644 zilizoondolewa katika kota za zamani zilijengewa maghorofa yaliyozinduliwa Machi 2022. Ni jambo jema, ingawa waliisubiri siku hiyo kwa takribani miaka kumi, wakipanga huku na kule.

Historia ya Kanisa nayo inatupa kielelezo. Mjini Augsburg, Ujerumani, mfanyabiashara Jakob Fugger alianza mwaka 1516 kuwajengea Wakatoliki wahitaji nyumba, na mtaa ule upo hadi leo. Kodi yake ya mwaka haijapandishwa: haifiki euro moja, pamoja na sala tatu kila siku kwa ajili ya mfadhili na jamaa yake. Tajiri yule hakuwa mtakatifu, lakini alitambua kwamba nyumba ya maskini yahitaji mfuko wa kudumu wa kuitunza.

Parokia zetu hazina mali ya Fugger. Hata hivyo, Jumuiya Ndogo Ndogo zinao uzoefu wa kuchangia msiba na harusi kwa utaratibu unaoeleweka. Mfuko wa namna hiyo ungeweza kumlipia mwanajumuiya miezi sita kwa mwenye nyumba, naye aurejeshe kidogo kidogo bila riba. Waamini wenye vyumba vya kupangisha nao waulizwe, kwa upole, kama wanaweza kupokea kodi ya mwezi mmoja mmoja, kwa mkataba wa maandishi na stakabadhi. Na kabla ya kufunga kufuli mlango wa mpangaji aliyechelewa, wasome Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, ambako mdai anaagizwa asiingie nyumbani mwa mdaiwa wake kuchukua rehani, bali asimame nje.