Damu ya Bibi Inasema Nini?

Umemtoa bibi Pangani hadi Hospitali ya Bombo, Tanga mjini. Wiki tatu hali vizuri, amelegea. Homa hana. Kapimwa ESR, majibu yamerudi: 55. Usishtuke, na usikimbilie duka la dawa!

ESR ni nini? Damu huwekwa kwenye kijibomba chembamba kilichosimama wima. Baada ya saa moja huangaliwa chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Mwili ukipambana na vijidudu, au viungo vikivimba, protini fulani huzidi kwenye damu. Chembe hugandana, zikashuka haraka.

Kipimo kingine ni CRP, protini inayotengenezwa na ini. Iligunduliwa New York mwaka 1930. Yenyewe hupanda kwa saa chache, na hushuka upesi mtu akipata nafuu.

Sasa sikiliza, kijana. ESR hupanda na umri pia. Kwa mwanamke, chukua umri, jumlisha 10, gawa kwa 2. Bibi wa miaka 70 anaweza kufika 40 bila ugonjwa. Hiyo 55 imezidi, lakini haisemi kama ni TB, baridi yabisi au kansa. Hata upungufu wa damu huipandisha. Umeona moshi, jiko bado hujalijua.

Kwa hiyo mweleze daktari yote: kikohozi, kukonda, maumivu. Na usingoje homa! Mzee anaweza kuugua sana mwili usichemke. Akianza ghafla kuchanganyikiwa, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo.